Mwanangu Si Mgomba

Mamba alimchukua mume wangu Athanas mchana kweupe, mwaloni Nkome, ufukweni pa kuegesha mitumbwi, maji yakiwa hayajamfika hata kiunoni. Alikuwa anasukuma mtumbwi, na mimi nilikuwa juu mchangani nageuza dagaa kwa ufagio. Nikasikia maji yamepigwa kofi. Nilipoinua kichwa niliuona mkono wake wa kushoto uko juu, ule wenye bangili ya shaba, kama mtoto anayeitika jina lake shuleni. Tumbo jeupe la mnyama likageuka, likageuka tena, na maji yakawa mekundu. Wanaume walirusha mikuki, wakarusha mawe, mmoja akarusha hata kasia lake. Halafu ziwa likatulia kana kwamba halikufanya kitu.

Hatukupata chochote, hata kipande cha kaptula.

Mimi nilibatizwa Scolastika nikiwa shule ya misheni, nikasoma mpaka darasa la nne, na nilijua kwamba roho haihitaji kaburi ili ifike kwa Mungu. Lakini nilikuwa nimeolewa katika ukoo wa Wasukuma waliohamia Geita na ng'ombe wao, na kwa ukoo ule mtu hajafa mpaka azikwe. Bila kitu cha kuzika hakuna matanga. Bila matanga mjane hanyoi nywele, harithiwi, wala harudi kwao. Anakaa tu kama mlango ulioegeshwa.

Majirani zetu walikuwa na njia yao. Aliyeliwa na ziwa walimzikia mgomba. Walikata shina la urefu wa mtu, wakalivika shuka, wakalilaza kaburini, watu wakalia, mambo yakaisha. Januari, mdogo wake Athanas, ndiye aliyemletea mama yake shauri hilo. Mama mkwe wangu, Mageni, alikuwa anasaga mtama. Hakuacha kusaga.

"Mwanangu si mgomba," alisema. "Sikumzaa kwa shoka. Nikizika, nitazika kilichotoka kwangu."

"Mama, imeshapita masika nzima."

"Na ipite nyingine."

Januari alikuwa amerudi kutoka mgodini, alikokuwa akitoboa mwamba chini ya ardhi, akafukuzwa kwa kumvunja mwenzake taya. Alirudi na buti, mkanda mpana wa ngozi, kikohozi kisichoisha, na haraka. Kwa mila yeye ndiye angenirithi, mimi na mtumbwi na shamba la mihogo na binti yangu Limi. Sisemi hakumpenda kaka yake. Siku aliposimuliwa habari za ule mkono ulioinuka alikwenda nyuma ya zizi akatapika. Lakini alirudi akijifuta mdomo na kuanza kuutazama mtumbwi.

Siku ile ya mgomba, Januari alipoondoka akiwa amenuna, Mageni aliniita.

"Mama Limi. Wale watu wa Maige wanaua mamba kila siku. Nenda ukaangalie matumboni."

"Mama, mamba ni wengi kama—"

"Bangili haiyeyuki. Nenda."

Bangili ile nilikuwa naijua vizuri. Athanas aliisokota mwenyewe kutoka ganda la risasi alipokuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, vitani huko Bama, akaitia alama kwa patasi, mikato mitatu. Mmoja wake, mmoja wangu, mmoja wa mtoto atakayekuja.

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, ngozi ya mamba ilikuwa na soko kubwa Ulaya. Mzee Mbaruku, mtu wa pwani, alijenga banda mwaloni, akajaza chumvi, na lori lake likawa linakuja kubeba mizigo. Maige alikuwa mkuu wa wawindaji. Walimtega mamba kwa ndoana nene yenye nyama ya mbuzi, akishanasa wanamchoma chusa, wanampiga mashoka mpaka anyamaze, kisha wanamburuta mpaka mchangani. Kuwinda walijua. Kuchuna hawakujua.

Nilipofika niliwakuta wanagombana. Mbaruku ameinua ngozi mbichi kwa mikono miwili, jua linapenya kwenye matundu.

"Hii ngozi au kung'uto? Eh? Mnanitengenezea kung'uto la kuchujia tui?"

"Mnyama mgumu, mzee," akasema mmoja.

"Mnyama mgumu! Mikono yako ndiyo migumu, kama kwato!"

Nikapiga goti. "Shikamoo, Mzee Maige."

"Marahaba, Mama Limi. Pole sana, mama."

"Asante. Nimetumwa na mama mkwe. Anaomba matumbo ya hawa wanyama yafunguliwe. Anamtafuta mwanawe."

Wanaume wakatazamana. Kijana mmoja akasema, "Mama, kama alikuwemo, si ameshatoka kwa mlango wa nyuma siku nyingi?"

Wengine wakacheka. Maige akamrushia teke lililomwangusha kifudifudi juu ya utumbo wa samaki. "Mbwa wewe. Huyo ni mjane."

Nilisubiri wamalize. Kisha nikamwambia Mbaruku, "Nipe kisu. Nitachuna yule pale. Nikikutobolea ngozi, nifukuze. Nisipotoboa, niruhusu kuangalia tumbo."

"Mwanamke achune mamba?"

"Baba yangu ni Bujiku, mchunaji wa ng'ombe wa mnada wa Shinyanga. Hakujaliwa mtoto wa kiume."

Ilikuwa kweli. Tangu utoto nilimshikia baba miguu ya ng'ombe, kisha nikashika kisu, mpaka shangazi zangu walipopiga kelele kwamba nitakosa mume, nikanyang'anywa. Sikuwa nimeshika kisu cha kuchunia tangu hapo.

Maige aliniambia jambo moja kabla ya kuanza, naye alikuwa akilisema kila siku kama mtu anayesali. "Mamba akifa, mkia haujui. Kichwa hakijui. Usimguse mpaka nipitishe waya." Akachukua waya mrefu mgumu, akatafuta tundu nyuma ya fuvu, akausukuma ndani ya uti wa mgongo. Mnyama aliyekuwa amelala kama gogo akatetemeka mwili mzima, makucha yakachimba mchanga, halafu akalegea. "Sasa amekufa," akasema Maige.

Ngozi inayouzwa ni ya tumbo tu. Mgongo wa mamba ni mifupa mitupu. Kwa hiyo humpasui tumboni, unampasua ubavuni, pale magamba magumu yanapokutana na laini, kisha unamvua kama unavyomvua mtoto shati. Nilitia kisu. Kisha nikauona ule utando mweupe ulioko kati ya ngozi na nyama. Ukiufuata, hauhitaji nguvu. Kidole gumba changu kikaukumbuka chenyewe. Kisu kikaanza kwenda, na mimi nyuma yake, na kelele za mwaloni zikaenda mbali. Nilipomaliza shingoni jua lilikuwa limeshahama, magoti yamekufa ganzi, na sikuwa nimemfikiria Athanas hata mara moja. Niliona haya. Lakini ndani ya ile haya palikuwa na furaha, tena furaha kubwa, niliyokuwa sijaionja tangu mnada wa Shinyanga.

Mbaruku aliiinua ngozi kwenye jua. Hakuna tundu. Akaizungusha, akainusa, akanitazama. "Subhanallah," akasema. "Njoo kesho."

Tumboni mlikuwa na mawe, miiba ya samaki, kwato la mbuzi, na shanga ndogo nyeupe za mtoto, bado zimeshikana na uzi. Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo pale akazitazama, akaangusha ungo. Ziwa lilikuwa limemlia mwanawe mwaka uliotangulia. Alijipiga kifua mpaka kitenge kikamvuka, wakamfunika. Kesho yake walizizika zile shanga katika kaburi dogo, nami nikaenda kusali nao.

Ndivyo nilivyoanza. Kila asubuhi Maige akishapitisha waya, mimi nachuna, nafungua, naangalia. Habari zikavuka maji. Watu wakaanza kuja kutoka visiwani, wakisimama mbali kidogo na damu, wakiniambia yule wao alivaa nini. Mwingine alikuwa na kifungo cha jeshi, mwingine jino la shaba. Wengi waliondoka mikono mitupu. Waliopata waliondoka wamebeba kitu kidogo ndani ya kitambaa, wakitembea polepole kama wanaobeba maji.

Na kila jioni Mageni aliniuliza mlangoni, "Umemwona?"

"Sijamwona, mama."

"Basi kesho."

Sijui ni lini sala yangu iligeuka. Mwanzo, nilipoingiza mkono katika lile joto la tumbo, nilisali, Bwana, nimpate leo. Kisha siku moja nikajisikia nasali, Bwana, isiwe leo. Maana nilijua kitakachofuata. Bangili ikipatikana yatafuata matanga, na matanga yakiisha, Januari. Naye alikwisha kunieleza. Alinikuta nje ya nyumba nanoa kisu changu cha samaki, chenye mpini aliouchonga Athanas, ambacho sasa nilichunia mamba, akaziba pua.

"Shemeji, unanuka mamba."

"Na wewe unanuka pombe, shemeji. Uvundo wangu unatoka kwa sabuni."

Hakucheka. "Cheza tu. Siku nikikurithi, kisu hicho kitakata mchicha."

Basi Mbaruku naye akaja na lake. Alikuwa anajenga banda jingine, kubwa zaidi, upande wa pili wa ghuba, na alitaka niende huko niwe mkuu wa wachunaji wote, niwafundishe wengine, nijengewe na nyumba. "Lakini nataka fundi, Mama Limi, sitaki mke wa mtu," alisema. "Leo nakupa wewe mshahara wako. Ukisharithiwa, nitaongea na nani? Na yule shemeji yako? Yule hata chumvi akiiona anafikiri ni chachu ya pombe."

"Mimi bado sijanyoa, mzee. Siwezi kwenda kokote."

"Najua. Banda litaisha kabla ya mvua. Huko nitahitaji mtu."

Maneno hayana siri mwaloni. Kabla sijafika nyumbani Januari alikuwa ameshayasikia. Alinisubiri penye zizi, akavua ule mkanda wa mgodini. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni, la pili kwa upande wa bizimu, likanipasua mdomo na kung'oa jino. Nilianguka kwenye samadi. Akanikanyaga mkono, ule wa kisu, akausaga kwa buti.

"Utakwenda wapi? Eh? Uende na Mwarabu wako? Mali ya kaka yangu inakwenda wapi?"

Nilisikia Limi analia. Kisha nikasikia mti unagonga nyama, na buti likaondoka mkononi mwangu. Mageni alikuwa amempiga mwanawe kwa mchi, begani, na alikuwa ameuinua tena.

"Humpigi mke wa Athanas kabla Athanas hajazikwa," alisema.

Niliyasikia yale maneno vizuri pale chini. Kabla hajazikwa. Na baadaye je? Nilitema jino, nikahesabu vidole vyangu kama vyote vinakunjika.

Januari alisimama anakohoa, ameshika bega. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mnanifanya mimi mbwa wa kusubiri mlangoni," alisema. "Haya. Kama huyu hataki kumwona, nitamtafuta mwenyewe."

Asubuhi yake alikuja mwaloni na panga. Hakumsubiri Maige, hakumsalimu mtu. Mamba wawili walikuwa wamelala mchangani, waya umeshapita. Akapanua miguu akawapiga panga matumboni, kama mtu anayepasua kuni, utumbo ukamwagika, akapiga magoti akawa anachambua kwa mikono, mavi na mawe, hakupata kitu. Ngozi mbili zikawa hazina thamani. Kesho yake akafanya vilevile. Siku iliyofuata watu wa Maige wakamzuia kwa makasia, na hapo pakawa vita. Alimkata mmoja sikio likabaki linaning'inia. Wakampiga mpaka wakadhani amekufa, naye akainuka, akatema damu, akarudi tena baada ya siku chache, uso umevimba jicho moja halifunguki.

"Nani atanizuia nisimtafute ndugu yangu?" alipiga kelele. "Nani? Aseme!"

Na hapo watu waliingiwa na woga, maana neno lile kwa mila lilikuwa la haki. Hata Maige aliinamisha kichwa. Mbaruku aliniita pembeni akaniambia kwamba ikiendelea hivi atalihamisha banda lote, na hao wawindaji na mimi tutajua pa kwenda.

Nilisali usiku ule kwa rozari mpaka punje zikanichubua. Sikujua niombe nini. Kumpata Athanas kungenipokonya kisu, kutompata nako kungenipokonya kisu.

Siku ya mamba mkubwa ilikuwa Jumamosi. Walimnasa mbele ya matete, wakapigana naye tangu alfajiri, akavunja mtumbwi mmoja, na jua lilipopanda ndipo walipomburuta juu, vyusa vitatu vimesimama mgongoni, fuvu limepasuliwa kwa shoka. Alikuwa mzee, mgongo mweusi umeota ukungu, taya la chini limepinda kwa jeraha la zamani. Watu wa Nkome walimjua. Mwanamke mmoja alimtemea mate. Maige aliusahau waya kwenye mtumbwi uliovunjika, na mtumbwi ule ulikuwa unaelea unazama, basi akarudi majini na watu wake kuuvuta. "Asiguswe!" alipiga kelele akiwa kiunoni ndani ya maji.

Nilikuwa nimesimama pembeni na kisu changu. Nilimwona Januari anashuka na panga.

"Shemeji, bado," nilimwambia. "Hajapitishwa waya."

"Toka."

"Nakuapia kwa Mungu, huyo bado. Subiri kidogo tu. Akishapita waya nitamfungua mimi, mbele ya macho yako."

"Unaogopa nini, Mama Limi? Unaogopa nimkute?"

Nilimshika mkono. Akanipiga kwa ubapa wa panga, kichwani, nikaona weupe, nikakaa chini. Yeye akaenda, akamwekea mnyama buti juu ya paja, akainua panga akalishusha tumboni kwa nguvu zote.

Mkia haujui. Kichwa hakijui. Lile gogo likajikunja kama upinde, taya lililopinda likafunguka, likafunga juu ya mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Kisha mnyama akajiviringisha kama kule majini, tumbo, mgongo, tumbo, na Januari akaviringika naye, buti zinapiga hewa, mkono wake wa kushoto umeinuka juu, mchanga na damu na utumbo. Mkia ukampata mtu mmoja magotini akaanguka. Waliobaki walikimbia. Hata wenye mikuki walikimbia.

Nilikuwa nimeshauona mkono mmoja ukiinuka hivyo. Sikukaa kufikiri kama huyu ni Januari. Nilirukia shingo, nikaikumbatia kwa magoti, akanibwaga, nikarudi. Uso wangu ulikuwa juu ya magamba. Kidole gumba kikatafuta nyuma ya fuvu, penye tundu la Maige, kikalipata, nikachomeka kisu mpaka mpini, nikakizungusha huku na huku, nikiita jina la Yesu kwa sauti ambayo watu walisema ilisikika mpaka kanisani. Akatetemeka mwili mzima. Makucha yakachimba mchanga. Akalegea.

Taya halikufunguka. Mamba akifa hivyo hafungui. Maige na watu wake walikuja wakatia makasia mawili kinywani wakabana, na kasia moja likavunjika kabla mkono haujatoka. Ulitoka ukiwa umeshikiliwa na ngozi tu. Januari alikuwa macho. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nimalizie," alisema.

Nilidhani anataka nimuue. Kisha nikaelewa. Nikaikata ile ngozi iliyobaki, nikamfunga juu kwa kamba ya chusa, nikakaza mpaka damu ikaacha kuruka. Wakamtia kwenye lori la Mbaruku juu ya magunia ya chumvi, wakamkimbiza hospitali. Watu wote wakalifuata lori mpaka barabarani, wanapiga yowe.

Nikabaki peke yangu na mnyama.

Panga la Januari lilikuwa limepita ngozi lakini halikufika tumbo la chakula. Nililifungua mwenyewe. Mawe, mengi. Pembe ya swala. Manyoya yaliyosokotana kama mpira. Na katikati ya yale manyoya, bangili. Ilikuwa imeliwa ikawa nyembamba, imegeuka rangi, lakini mikato mitatu niliihisi kwa kidole kabla sijaiona kwa macho.

Ziwa lilikuwa hapo, hatua chache tu. Hapakuwa na mtu. Ningerusha, ingezama, na jioni ningesema, sijamwona, mama, na ningekuwa nimesema uongo mmoja tu maishani kwa mama aliyelala na mlango wazi tangu siku ile, asije mwanawe akarudi akakuta pamefungwa.

Niliiosha. Nikaivaa mkononi mwangu ili isinidondoke njiani, nikapanda kilima. Damu ilikuwa imenikauka mpaka kwenye nywele. Mageni aliniona kwa mbali akasimama.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

Sauti aliyoitoa sitaisahau. Ng'ombe waliruka zizini.

Tulimzika Athanas katika kaburi la urefu wake, bangili imelazwa juu ya shuka mahali pa mkono wa kushoto. Katekista alisali, kisha wazee wa ukoo wakafanya ya kwao. Nilinyolewa. Siku ya kuanua matanga Januari alikuwa amesharudi, mkono umeishia juu ya kiwiko, macho yameingia ndani. Wakatandika mkeka, wakapanga juu yake vitu vya marehemu, yaani mkuki, kasia, koti la Keya, na kile kisu nilichokuwa nachunia, kwa maana mpini wake Athanas ndiye aliyeuchonga. Ilikuwa desturi ya ukoo ule. Mjane huchukua kitu kimoja akamkabidhi mwanamume anayemkubali. Wengine wa ukoo ule walikuwa wamekaa nyuma. Mbele alikaa Januari peke yake.

Niliinama nikachukua kisu. Nikarudi kukaa, nikakiweka mapajani mwangu.

Wazee wakanyoosha shingo kutazama.

"Mkabidhi," akasema mjomba mmoja.

"Nimeshakabidhi."

"Nani?"

"Mimi."

Wakaanza kuguna. Januari akainuka, akanijia, akanipiga kofi kwa mkono aliobaki nao. Lilikuwa kofi zito. Sikuinua kisu wala sikukiachia. Akanipiga tena, damu ya ufizi ikaniingia kinywani palepale jino lilipotoka.

"Nimepoteza mkono kwa sababu yako!"

"Umepoteza mkono kwa sababu hukusubiri waya," nilisema. "Shingo umebaki nayo kwa sababu yangu."

Aliinua mkono mara ya tatu, na hapo Mageni akasema, bila kuinuka, "Januari. Keti."

"Mama, mila—"

"Mila naijua tangu kabla hujazaliwa. Mjane anachagua. Amechagua." Akawageukia wale waliokuwa wanaguna. "Wanaume wote wa ukoo huu walisimama ukingoni wakarusha mawe. Huyu aliingiza mikono matumboni mwa wanyama, kila siku, mpaka akamtoa mwanangu. Akamtoa na huyu mwanangu mwingine kinywani mwa mamba. Nani kati yenu ana watoto wawili wa kunirudishia? Ainuke, amrithi."

Hakuinuka mtu. Januari alikaa chini. Baada ya muda bega la upande wa mkono uliokatwa likaanza kumtikisika, na mama yake akamsogelea, akamfunika kwa upande wa kaniki yake.

Nilivuka ghuba kabla ya mvua, juu ya mzigo wa chumvi, mimi na Limi. Kisu nimekifunga kiunoni. Banda lilikuwa kubwa kama Mbaruku alivyosema, na wachunaji niliowakuta walikuwa wanaume wote, nao walinikaribisha kwa mizaha ambayo siwezi kuiandika. Niliwajibu kwa kumchuna mamba mmoja mbele yao. Wiki iliyofuata mmoja wao aliniomba nimshike mkono nimwonyeshe ule utando ulipo. Nimeifanya kazi hiyo mpaka vidole vilipokataa, na sijaamka hata asubuhi moja nikitamani nisiende.

Mageni alikuja baadaye, hakuitwa. Alishuka mtumbwini na kigoda chake kichwani.

"Mama, na Januari?"

"Amepata kuchunga. Ng'ombe hawahitaji mikono miwili." Akaweka kigoda kivulini, mlangoni mwa banda. "Wanaokuja kuuliza watu wao, wanakaa wapi?"

"Wanasimama tu, mama."

"Si vizuri."

Mgeni wa kwanza kumkuta pale alikuwa mwanamume wa kisiwani, kofia mkononi, mke wake alichukuliwa akichota maji. Nilikuwa na damu mpaka viwikoni. Akaanza kunieleza habari za kipini cha pua, akashindwa kumaliza.

"Kaa hapo kwa mama," nilimwambia. "Nikifungua nitakuita."